Fahali wa Guka Ambaye Hakuwepo

Fahali hakuwepo. Wacha niseme hivyo kwanza, kabla hujasikia kutoka kwa mtu mwingine (na utasikia, maana kutoka Endarasha mpaka Skuta sidhani kuna mtu hajui), kwamba ni mimi, kwa kinywa changu hiki hiki, niliyesema Guka amepoteza fahali, na Guka hakuwa na fahali, hakuwahi kuwa naye, alikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi wa maziwa, kondoo wachache na jogoo mwenye hasira, basi. Ukitaka kucheka, cheka sasa. Mimi pia nilicheka, mwanzoni.

Guka ni baba yake baba yangu, na mimi nina jina lake, Nderitu, kwa hivyo kwa desturi yetu mimi ni yeye na yeye ni mimi, ananiita "rika" kana kwamba tulitahiriwa siku moja, na ninaweza kumtania maneno ambayo nikimwambia baba nitalala nje. Zamani alikuwa mtu wa nguvu. Wazungu walipoondoka na yeye akagawiwa shamba Endarasha, aling'oa visiki vya mierezi kwa mikono, peke yake, Cucu, mke wake, akiwa bado hai na kumletea uji shambani. Halafu baba akapata kazi ya ofisi Nyeri mjini, akaanza kuonyesha mapenzi kwa njia ya watu wa ofisi: akamwandikia Guka kibarua wa kulima, kibarua wa kukama, na akamletea kiti kikubwa chenye mito kutoka mjini. Guka akaketi. Akaketi mwaka, akaketi mwingine, akila nyama ya kondoo yenye mafuta na kusikiliza redio, watu wakipita wanamsifu, "Mzee amenenepa, watoto wanamtunza," mpaka siku moja alipoinuka kwenda tu chooni akashika ukuta na kusema kifua kinambana.

Daktari wa Nyeri alimsikiliza kifua muda mrefu, halafu akasema, "Mzee, moyo ni kama ng'ombe wa plau. Ukimfungia zizini mwaka mzima, siku ya kulima ataanguka kwa mstari wa kwanza." Akamwambia apunguze mafuta na atembee kila asubuhi, polepole lakini bila kusimamasimama, kutoka nyumbani mpaka kituo cha maziwa na kurudi. "Na usiniambie umezeeka. Ungekuwa na miaka mia ningekuambia hivyo hivyo. Na huyu naye," akanielekezea kidole mimi niliyekuwa nimeegemea mlango, "atembee, asingoje kuketishwa."

Kwa hivyo Mama, tulipokuwa tunatoka hospitali, akaamua hapo hapo. Shule imefungwa, mimi kazi yangu ni kula na kuchekesha watoto wa Skuta, mtaa wetu hapo Nyeri, basi niende Endarasha likizo nzima nitembee na Guka. "Asitembee peke yake," alisema. "Na asisimame. Nimekupa mzee, unirudishie mzee."

Sasa, kama hujawahi kuishi kwetu hutaelewa shida iko wapi. Kwetu mtu hatembei bure. Unatembea na jembe, au na mtungi wa maziwa, au nyuma ya kondoo, na kama mikono yako ni mitupu basi unaenda kutoa habari ya kifo. Mzee mzima wa kanisa, amevaa kabuti, anapanda mlima asubuhi na umande na kushuka tena bila kitu mkononi, huyo ameingiwa na nini? Halafu kuna salamu. Mzee hawezi kumpita mtu hivi hivi. Lazima asimame, ashike mkono, aulize boma, watoto, viazi, baridi imeunguza au imeacha, ng'ombe wa fulani amezaa au bado, na yule naye arudishe yote hayo moja moja. Siku ya kwanza tulisimama kwa kila lango. Na kila lango swali lilikuwa lile lile, "Mzee Nderitu, unaenda wapi?" na Guka, ambaye alikuwa ameniapisha nisimwambie mtu habari ya moyo ("Wakijua wataanza kuniangalia kama jeneza, rika"), anajibu, "Hapa tu," wanasema "Hapa wapi?" naye anakohoa, tunasimama tukitetemeka. Tulifika kituo cha maziwa jua limeshatoka. Hiyo haikuwa dawa, ilikuwa mkutano wa hadhara.

Siku ya pili ikawa hivyo hivyo, na mimi (niseme ukweli wote) sikuwa nafikiria moyo wa mtu, nilikuwa nafikiria kitanda changu. Ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, vidole vya miguu sivisikii, na mbele yetu akatokea Mama Wairimu, mtungi wa maziwa mgongoni na mkanda kichwani, mwanamke ambaye salamu zake peke yake zinaweza kuivisha maharagwe.

"Haiya, Mzee Nderitu! Jana nimekuona, leo tena! Kwani unaenda wapi?"

Nikapaza sauti kabla Guka hajakohoa. "Tunatafuta fahali!"

"Fahali? Amepotea? Uuui! Sasa mnasimama hapa na mimi kufanya nini? Kimbieni!"

Na akatupisha. Alitupisha kabisa, akaingia kwenye nyasi na mtungi wake. Lango lililofuata, "Tunatafuta fahali!" wakatupisha. Hakuna mkono, hakuna viazi, hakuna ng'ombe wa fulani. Tulipofika kwenye kona Guka akaniangalia upande.

"Rika."

"Eeh, Guka."

"Mimi niko na fahali?"

"Sasa uko naye."

Mzee alicheka mpaka akashika nguzo ya ua, nikaogopa moyo. Halafu akasema tuendelee, tusisimame, fahali anaweza kuvuka mto.

Hizo siku zilizofuata ndizo zinazoniuma kuliko zote, maana zilikuwa nzuri. Guka alitembea. Watu wakituelekeza, "Jaribuni kule chini kwa bwawa," tunaenda kule chini kwa bwawa, "Kuna alama za kwato karibu na msitu," tunapanda karibu na msitu, na pumzi yake ikawa inatoka vizuri, mashavu yakarudiwa na rangi, jioni anasukuma nyama pembeni na kuomba mboga. Mlima Kenya ukijifunua asubuhi anasimama kuutazama (hapo tu ndipo nilipomruhusu asimame) na kuniambia habari za ujana wake ambazo siwezi kuandika hapa. Na mimi, kwa sababu nikipewa uongo mdogo siwezi kuuacha ukiwa uchi, nikaanza kuuvisha. Fahali wa rangi gani? Mweusi. Ana alama? Doa jeupe hapa kwenye uso. Na pembe? Pembe moja imepinda kushoto, inaangalia chini kama mtu mwenye haya. Jioni narudia mbele ya Guka nikiiga sauti ya kila mtu, tunacheka mpaka kibarua anachungulia.

Jumapili kanisani mhubiri akamwombea fahali. Aliinua mikono akasema, "Bwana, wewe unayemwona fahali wa mtumishi wako mahali alipo," na kweli, ni Bwana peke yake aliyekuwa anamwona, na Guka, mzee wa kanisa, kiti cha mbele, akainamisha kichwa na kusema amina. Mimi niliuma mkono wa koti nisicheke. Tukiwa nje nikasema, "Guka, hata mbinguni wameanza kutafuta," lakini yeye hakucheka. Alisema, "Hii sasa tuimalize, rika. Wiki hii umwambie Gathogo kwamba amepatikana." Nikasema sawa. Na sikumwambia Gathogo. Kwa nini sikumwambia? Kwa sababu fahali akipatikana watataka kumwona, na nilikuwa sijapata uongo wa kutosha, basi nikaahirisha, leo, kesho, na kila kesho tulitembea vizuri.

Huyu Gathogo alikuwa askari wa chifu zamani. Alistaafu, lakini firimbi yake haikustaafu. Yeye ndiye aliyetoka kanisani siku ile akakusanya vijana, akawaambia wizi wa mifugo umeanza kurudi na ni aibu mzee wa kanisa atembee kila asubuhi na mjukuu tu akitafuta mali yake hali vijana wamelala. Wakaanza kukaa njiani wakikagua kila mnyama anayepita.

Na siku ya soko akapita Mwalimu Barasa.

Mwalimu Barasa alikuwa amekuja kutoka magharibi, na ananifundisha hesabu Skuta, akija kila asubuhi na lori la maziwa. Ni mtu mpole, anavaa miwani na koti moja la kahawia, akikosa chaki anaandika hewani na sisi tunacheka. Alikuwa amepanga nyumba karibu na kituo cha maziwa, na kwa sababu maji ya Endarasha yako mbali, alikuwa ameweka akiba kununua ng'ombe wa kuvuta mkokoteni wa mapipa. Alinunua siku hiyo. Anakuja zake taratibu, ameshika kamba, nyuma yake fahali mweusi mwenye doa jeupe usoni.

Nilikuwa hapo. Nilikuwa nimeketi juu ya ua wa kituo cha maziwa nikichekesha vijana wa Gathogo kwa kuiga sauti ya Gathogo, nikamwona mnyama akitokea kwenye kona.

Firimbi ikalia.

"Simama hapo! Hii ng'ombe umetoa wapi?"

"Sokoni. Nimenunua sasa hivi, Mzee Gathogo," akasema Mwalimu, akitabasamu.

"Kwa nani?"

"Mtu wa huko juu. Nilimwuliza bei, sikumwuliza jina la babu yake."

Hakuna aliyecheka. Watu walikuwa wameanza kujaa, wanawake wa maziwa, watu wa kutoka sokoni.

"Angalia uso! Doa jeupe!"

"Ni yeye! Ni fahali wa Mzee Nderitu!"

"Lakini pembe si ilikuwa imepinda?" mtu mmoja akauliza, Mungu ambariki.

"Ameinyoosha!" akasema Gathogo.

"Pembe inanyooshwa namna gani?"

"Si hiyo ndiyo tumwulize yeye!"

Halafu mtu wa nyuma, sikumwona, akasema, "Kwani huyu ni wa hapa?" na hewa ikabadilika. Sijui nielezeje. Watu ni wale wale, wale waliotupisha njia, waliotuambia poleni, na ghafla siwajui. Mmoja akavuta koti, mkono wa koti ukatoka. Miwani ikaanguka kwenye tope na gumbuti ikapita juu yake. Mwalimu alikuwa anasema, "Ngojeni, ngojeni tuongee," kwa sauti ile ile ya darasani, na wakamfunga mikono kwa kamba ya fahali wake mwenyewe.

Akaniona. Bila miwani sijui aliniona kiasi gani, lakini uso wake uligeuka upande wangu. "Nderitu," akasema. "Waambie. Ni huyu?"

Mimi, kinywa ambacho hakijawahi kufungwa, mimi ninayefukuzwa darasani kwa maneno. Ilikuwa ni kusema tu: hakuna fahali. Maneno mawili. Niliruka kutoka kwenye ua nikakimbia kumwita Guka.

Ndiyo. Mtu ambaye daktari alisema atembee polepole, huyo ndiye niliyekwenda kumwita mbio.

Alikuwa nje anapalilia kitunguu (alikuwa ameanza tena kushika jembe, yeye mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha). Nikamwambia, "Guka, wamemkamata Mwalimu Barasa na fahali."

"Fahali gani?"

"Wetu."

Hakuniuliza kingine. Aliangusha jembe, akaondoka. Kwanza haraka, halafu nikaona gumbuti zake zinapigana, mzee anakimbia, anapanda mlima ule na kabuti limefunguka, na mimi nyuma yake nalia, "Guka, polepole! Guka, simama!" Likizo nzima nilikuwa nimemwambia asisimame, na sasa hasimami. Tulimpita Mama Wairimu langoni kwake, akasema, "Mzee, amepatikana!" na kwa mara ya kwanza maishani mwake Guka akampita mtu bila neno.

Alipofika watu wakampisha wakishangilia. Akaenda moja kwa moja kwa Mwalimu akaanza kufungua kamba, vidole havimtii, mdomo umekuwa wa majivu.

"Mzee, ngoja, huyu ni mwizi wako," akasema Gathogo.

"Mimi sina fahali." Alivuta pumzi. "Sijapoteza kitu. Mimi ni mgonjwa. Moyo wangu ni mgonjwa, daktari alisema nitembee, nikaona haya kuwaambia. Huyu kijana na mimi tuliwadanganya." Alisema *huyu kijana na mimi*. Angeweza kusema ni kijana. "Hata kanisani niliwadanganya. Mwalimu, nisamehe."

Fahali alikuwa anatafuna. Guka akafungua fundo la mwisho, akaangalia mahali pa kuketi, hapakuwa na mahali, akaketi kwenye tope. Halafu akalala.

Mtu aliyevua koti kumfunika alikuwa Mwalimu Barasa, lile koti lisilo na mkono mmoja. Lori la maziwa lilikuwa linapakia, wakashusha mitungi, mingine ikapinduka, maziwa ya asubuhi ya watu wote yakatiririka mtaroni, na Guka akalazwa kati ya mitungi iliyobaki. Nilimshika kichwa mpaka Nyeri. Kila tukipanda kilima nilikuwa naweka sikio kifuani kwake, lakini lori lilikuwa linanguruma, sikusikia kitu, na nikawa sijui kama ni lori au ni yeye.

Hakufa. Daktari yule yule alisema moyo umejeruhiwa, na kwamba kama si ile mizunguko ya kila asubuhi ungekataa kabisa siku ile, na kwamba akipata nafuu aanze tena, kidogo kidogo, mpaka kituo cha maziwa, kwa maana hakuna dawa nyingine anayoweza kumpa inayofanana na hiyo. Mama alikuwa amesimama pale. Hakuniambia kitu. Tulirudi Skuta hakuniambia kitu, akanipakulia chakula hakuniambia kitu, na mimi niliyezoea kuchapwa na kusahau nilianza kutamani mwiko.

Shule ikafunguliwa. Mwalimu Barasa aliita majina, akafika kwangu akasema "Nderitu" kwa sauti ile ile anayomwitia kila mtu, nikaitika, akaendelea. Miwani imefungwa kwa uzi. Fahali alishamuuza, na maji anachota mwenyewe kwa baiskeli. Nilikwenda kwake kuomba msamaha, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimesikia," akarudi kwenye vitabu vyake. Tangu siku hiyo sijamwiga mtu yeyote darasani. Wenzangu wanadhani naumwa.

Jumamosi iliyopita Mama akanichukua twende Endarasha kumwona Guka. Tulimkuta nje, kwenye kile kiti cha mito, amefunikwa blanketi juani, miguu imevimba. Alipotuona akataka kuinuka, na kabla hajainuka Mama Wairimu alishatoka upande wa pili wa ua akikimbia, "Keti, Mzee, keti, usijichoshe!" na akamkalisha. Watu wamekuwa wema, unaelewa? Wanajuta na wana hofu, wamekuwa wema kupita kiasi. Wanamletea supu yenye mafuta. Na nilipomshika mkono tujaribu kwenda mpaka kituo cha maziwa, nikaona kitu sijawahi kuona: kila lango, kutoka kwake mpaka kwenye kona, wameweka kigoda. Kwa ajili yake. Tulipofika cha kwanza mwenye boma akatoka, akamshika bega, "Pumzika, Mzee, hakuna haraka." Cha pili, Gathogo mwenyewe, kofia mkononi, machozi machoni, "Keti, Mzee wangu." Hakuna anayeuliza anaenda wapi. Wote wanajua. Hatukufika kwenye kona. Nilijaribu kuwaambia daktari amesema atembee, wakaniangalia, na nikaona kabisa kwamba wao ni watu ambao hawatawahi kuamini tena neno linalotoka kinywani mwangu.

Guka alikuwa ameketi kwenye kigoda cha Gathogo, anahema. Akanivuta karibu.

"Rika," akasema polepole. "Tafuta uongo mwingine."

Nikatafuta. Nakuapia nilitafuta, nilisimama pale nikatafuta kila pembe ya kichwa hiki, na hakukuwa na kitu.

Mama alikuwa nyuma yetu, amesikia. Tulimrudisha Guka kwenye kiti chake, akamfunika blanketi vizuri, akamwekea redio karibu, halafu akanishika mkono akanipeleka mpaka kwenye ua, mahali Guka hatatusikia, na ndipo aliponiambia, taratibu, bila kunipiga:

"Yule mtu wa kwanza alipouliza, si ungemwambia tu mzee anatembea kwa sababu hataki kufa. Nani angecheka?"